Okidi Iliyolalia Godoro Bichi

Fundi makochi mwenye karakana nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi alijulikana kwa jina la Springi. Wateja ndio waliompa jina hilo, kwa sababu kabla ya kukubali kazi yoyote alilikalia kochi kwanza, akanyamaza, akahamia upande wa pili, akanyamaza tena, kisha akataja idadi ya springi zilizokufa. Akilifumua, idadi ilikuwa ileile au ilipungua moja. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minne, vidole vimejaa makovu ya misumari midogo, na maneno yake kwa siku yalikuwa ya kuhesabika.

Nyumbani alikaa na watu wawili. Wa kwanza alikuwa mkewe, karani wa masjala hospitalini, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza mafaili ya wagonjwa na kuyapata daktari anapoyahitaji, jambo ambalo watumishi wenzake walilihesabu kuwa kipaji. Wa pili alikuwa mama mkwe. Huyu alihamia kwao miaka minne nyuma baada ya kuteguka nyonga, na nyonga ilipopona hakuna aliyeona haja ya kuzungumzia habari za kurudi.

Springi na mama mkwe wake hawakuwahi kukosana. Asubuhi alimwamkia, "Shikamoo mama," naye akajibu, "Marahaba baba, umeamkaje?" Akasema ameamka salama. Jioni akasema ameshinda salama. Waliheshimiana mno, na heshima hiyo ilijaa sebule nzima hata pasibaki nafasi ya maongezi.

Binti yao wa kwanza alikuwa fundi wa maabara, akipanga chumba upande wa pili wa mji. Alipopata mkataba wa mwaka mmoja na nusu nchi nyingine, alikuja kuaga akiwa na sanduku mkono mmoja na, mkono wa pili, chungu cha plastiki ang'avu chenye okidi.

"Baba, hii nakuachia wewe," alisema.

"Mimi?"

"Wewe."

"Na mama yako?"

"Mama ana kazi nyingi."

Springi naye alikuwa na makochi saba yanayosubiri, lakini hakuona vizuri kubishana na msafiri. Alipokea chungu. Okidi ilikuwa na maua saba meupe yenye koo la zambarau, yamepangana kwenye kikonyo kilichopinda, na majani manne manene kama ndimi. Ilikuja na karatasi yenye mwandiko wa binti: "Maji mara moja kwa wiki. Jua kali hapana." Springi aliisoma mara tatu, akaigeuza nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu.

Ni haki kusema kwamba hakuwa na sifa nzuri katika mambo haya. Miaka ya nyuma aliwahi kukabidhiwa mnanaa wa mkewe kwa siku kumi, ukafa siku ya sita. Kabla ya hapo kulikuwa na dungusi kakati, mmea ambao watu husema haufi. Kwa hiyo safari hii aliamua kufuata karatasi kama ilivyo. Okidi aliiweka kwenye kidirisha cha sebule kisichopata jua la mchana, na kila Jumatatu, kabla ya kwenda karakana, aliipa kikombe kimoja cha maji.

Wiki ya tatu ua la kwanza lilianguka. Wiki ya nne yakaanguka matatu. Kufikia mwisho wa mwezi wa pili kikonyo kilikuwa kijiti kitupu, jani la chini limekuwa la manjano, na yale mengine yamelegea kama ngozi ya kochi la zamani.

Binti alipiga simu kila Jumapili. Aliongea na mama yake, akaongea na bibi yake, kisha simu ikamfikia baba.

"Ile okidi ipo?"

"Ipo."

"Bado?"

"Bado."

Halafu kimya. Springi alikitafsiri kimya hicho kuwa wasiwasi wa mwenye mali. Siku ya kwanza alikuwa ameipiga picha okidi ikiwa na maua yake yote saba, basi kila Jumapili alimtumia binti picha hiyohiyo. Binti hakuuliza kwa nini pazia la nyuma yake halibadiliki wala kusogea.

Mkewe alipoona jani la manjano alikwenda kwenye kabati, akatoa faili jipya la kahawia, akaandika juu: "Mgonjwa: Okidi. Umri: haujulikani. Ndugu wa karibu: yuko safarini." Ndani akaandika tarehe, na chini yake: "Majani kulegea. Chakula: maji, kikombe 1 kwa wiki." Akalipiga faili mhuri wa tarehe aliokuwa nao mkobani, akaliweka juu ya redio.

"Hii ni ya nini?" Springi aliuliza.

"Mgonjwa asiye na faili hatibiwi."

Springi alifikiri kwamba huenda maji ni mengi. Akaacha kumwagilia kabisa, wiki moja, kisha ya pili. Baada ya wiki mbili akakiinua chungu. Kilikuwa kizito kama siku ya kwanza. Yeye alikuwa mtu wa kupima vitu kwa mikono. Aliweza kushika mto wa kochi akajua kama sponji ya ndani ni ya kiwandani au ni vipande vya kuokoteza. Mikono ilimwambia kwamba chungu kile kimejaa maji. Alipanga kumwandikia binti kumuuliza kama kuna okidi za aina ya kutoa maji zenyewe, akaahirisha.

Jibu lilikuja Alhamisi moja asubuhi, alipokuwa amesahau utepe wake wa kupimia akarudi nyumbani kuufuata. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Alipofika kwenye ukumbi mdogo alimwona mama mkwe amesimama dirishani, ameshika bakuli la maji meupe ya kuoshea mchele, anayamimina taratibu katikati ya majani.

"Kunywa, maskini," mama mkwe alikuwa akiiambia okidi. "Hawa wanakupimia maji kama dawa ya kikohozi."

Springi alirudi nyuma hatua moja, kisha ya pili, akatoka bila utepe. Mchana ule alipima kochi kwa kamba.

Jioni alimvuta mkewe jikoni.

"Mama anaimwagilia."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ilipoingia. Asubuhi nikitoka namwona."

"Mwambie aache."

Mkewe alikuwa anakatakata vitunguu, akaendelea kukata. "Nimwambie nini mama yangu? Asimpe mwenye kiu maji? Mwambie wewe."

Hilo lilikuwa jambo lisilowezekana, na wote wawili walilijua. Mtu ambaye kwa miaka minne maongezi yenu yote ni kuulizana mmeamkaje, huwezi kufungua ukurasa mpya kwa kumkataza maji. Springi alijaribu njia ya kimya. Akatengeneza kirafu, akakipigilia juu ya kabati ambako mkono wa mama mkwe haufiki, akaiweka okidi huko. Siku ya pili mkewe alirudi kutoka kazini akamkuta mama yake, mwenye nyonga iliyowahi kuteguka, amesimama juu ya stuli yenye mguu mmoja mfupi, bakuli mkononi. Usiku huohuo okidi ilirudishwa dirishani. Mkewe aliandika kwenye faili: "Amehamishiwa wodi ya zamani kwa usalama wa muuguzi."

Asubuhi iliyofuata Springi aliifunga okidi kwa kitambaa akaenda nayo karakana. Aliiweka juu ya meza anayofumulia makochi, akakibonyeza chungu pande zote, akaivuta. Ilitoka na harufu ya bwawa. Mizizi ilikuwa imezamishwa kwenye majani fulani laini ya kijani kilichofifia, yamesokotana kama sufi, yamelowa chepechepe. Alichukua fumba moja akalikamua. Maji yalitiririka mpaka kwenye kiwiko. Mizizi mingi ilikuwa ya kahawia, na alipoibana kwa vidole ganda lilichomoka likaacha uzi mtupu. Michache ya juu, iliyokuwa nje ya majani yale, ilikuwa migumu na ya rangi ya fedha.

Seremala wa karakana ya jirani alikuja kuazima gundi, akasimama kuangalia.

"Huyu naye ana nini?" aliuliza.

"Kalalia godoro bichi," Springi alisema. "Miezi miwili."

"Atapona?"

"Mbavu zipo. Ujazo ndio mbovu."

Ilikuwa sentensi ndefu kwa viwango vyake, na seremala aliirudia mtaani. Lakini Springi hakuwa anatania. Kwa mara ya kwanza tangu apewe kazi ile alikuwa ameiona kama kazi anayoijua. Hapa kulikuwa na kitu kinachokaliwa, na ndani yake kuna ujazo, na ujazo huo ama unapumua ama haupumui. Mizizi ya fedha ilimwonyesha kwamba okidi haitaki udongo na haitaki kufungiwa. Inataka kulowa kisha ikauke, ipate hewa. Swali lilikuwa ujazo gani.

Alikata mizizi iliyooza kwa wembe alioupitisha kwenye moto, akaiacha okidi uchi juu ya gazeti, kivulini, akaanza kupima. Kazi yake ilimpa vitu vingi vya kuchagua. Alijaza makopo matano: la kwanza vipande vya sponji, la pili nyuzi za makumbi ya nazi anazojazia viti vya kizamani, la tatu makumbi yenyewe aliyoyakata vipande vya ukubwa wa kete, la nne mkaa, la tano unga wa mbao kutoka kwa seremala. Akayatoboa chini, akayalowesha yote asubuhi moja, akayapanga juu ya benchi. Kila alipomaliza kiti aliyainua moja moja.

Mkaa ulikauka kabla ya jioni. Makumbi ya vipande yalichukua siku tatu. Nyuzi zilichukua tano na zikaanza kushikamana. Sponji ilikuwa bado mbichi siku ya nane, jambo lililomfadhaisha kidogo, maana ndiyo aliyokuwa anawauzia watu. Unga wa mbao uligeuka tope na kuota kitu cheupe ambacho seremala alikataa kukitambua.

Sasa, mtu mwingine angechukua lile kopo la siku tatu akasema ndilo. Springi aliketi kwenye fremu ya kochi lisilo na kitambaa akafikiri zaidi. Kochi huwezi kulijaza kabla hujajua nani atalikalia. Mzee mwembamba ana ujazo wake, na familia yenye watu wanaorukaruka ina wake. Karatasi ya binti ilisema maji mara moja kwa wiki, lakini nyumba yake haikuishi kwa karatasi ile. Nyumba yake ilikuwa na mtu anayemwagilia kila siku, hataacha, na haambiliki. Kwa hiyo hakutafuta ujazo unaoifaa okidi. Alitafuta ujazo unaomfaa mama mkwe.

Alichukua mkaa sehemu mbili, ameuponda na kuupepeta kuondoa vumbi. Makumbi sehemu moja tu, aliyokuwa ameyaloweka siku nne akibadilisha maji mpaka yakaacha kutoa rangi kama ya chai. Chini akaweka vigae vilivyovunjika kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Chungu akakitoboa matundu mapya kumi na mawili kwa msumari wa moto, pembeni na chini. Kisha akafikiria lile bakuli likimiminwa katikati ya majani, pale moyo wa okidi ulipo, ambapo maji yakituama huozesha. Akaipanda kwa kuilaza kidogo, kama mtu aliyeegemea mkono wa kochi, ili kitakachomiminwa juu kiteleze na kutoka.

Alimimina ndoo nzima kujaribu. Maji yote yalipita na kumlowesha viatu. Aliridhika.

Okidi ilirudi dirishani. Chini yake aliweka sinia. Mama mkwe aliitazama ilivyolala upande, kisha akamtazama na mkwewe. Kesho yake sinia lilikuwa na maji meupe. Springi aliyamwaga bustanini, akarudisha sinia mahali pake. Hivyo ndivyo walivyoendelea: mmoja anamimina, mwingine anamwaga, na asubuhi wanaulizana wameamkaje.

Jani la manjano lilianguka, na mengine mawili yakalifuata. Okidi ikabaki na moja, na kwenye faili mkewe aliandika "Hali: mahututi, ila haendi popote." Mwezi wa tano tangu okidi iletwe, kitu kidogo cha kijani kilichomoza kutoka shinani. Springi alikidhani ni mdudu, akakigusa. Ulikuwa mzizi. Baadaye ukaja wa pili, kisha jani jipya lililochomoza taratibu sana, kiasi kwamba alilipima kwa utepe wa kazini kila Jumamosi asijidanganye. Binti alipouliza Jumapili kama okidi ipo, alijibu, "Ipo. Ina mizizi." Binti akasema hali ya hewa kule ni ya baridi.

Mwezi wa saba mama mkwe aliondoka. Mwanawe wa kiume, aliyekaa mji mwingine, alikuwa amepata mapacha, na mke wa huyo mwana alihitaji msaada. Mama mkwe alifunga mizigo siku moja, akaondoka na basi la asubuhi. Nyumba ikawa na nafasi, na sinia likawa kavu.

Springi alifurahi kwa siku kumi hivi. Hatimaye angeweza kufuata karatasi. Alimwagilia Jumatatu, akamwagilia Jumatatu nyingine. Wiki ya tatu jani jipya lilikuwa limekunjamana, na ncha za mizizi, ambazo zilikuwa za kijani, zimegeuka kahawia na kukauka. Alikiinua chungu. Kilikuwa chepesi kama kofia.

Hapo alielewa alichokifanya. Alikuwa ameshona nguo kwa vipimo vya mtu mmoja, mtu huyo akasafiri. Lakini maji yenyewe hakujua ni kiasi gani. Sinia lilimwonyesha kilichopita, halikumwonyesha kilichobaki.

Alikaa na simu mkononi karakana nzima ikimtazama, yaani seremala. Mwisho akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama. Mama." Alihamishia simu sikio la pili. Huko upande wa pili mtoto mmoja alikuwa analia na mwingine anajiandaa. "Ile okidi. Ulikuwa unaipa kiasi gani?"

Mama mkwe alimbembeleza mtoto kwanza. "Asubuhi kikombe. Kile cha bluu. Jioni nusu."

"Jioni pia?"

"Kama kuna joto. Inaonekana kwenye mizizi. Ikiwa myeupe ina kiu, ikiwa ya kijani imeshiba. Hujaiangalia?"

Springi alikiri kwamba jioni hakuwa ameiangalia.

"Maji ya mchele si ya kila siku," mama mkwe aliendelea, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa hatimaye. "Mara moja kwa wiki. Siku nyingine ni maji ya kawaida yaliyolala. Ya bomba yanayotoka saa hiyohiyo mimi siyaamini."

"Sawa mama."

"Na wewe ulifanya vizuri kuilaza upande. Nilikuwa nikiona maji yanakaa pale katikati, nikawa na wasiwasi."

Springi aliinuka. "Ulijua kwamba najua?"

"Nilikuona siku ile uliyosahau utepe. Ulirudi kinyumenyume kama mtu aliyekuta msiba."

"Mbona hukusema?"

"Ungenikataza, na mimi ningelazimika kukubali, maana ni nyumba yako. Uliponyamaza nikaona umeniruhusu." Mtoto wa pili alianza kulia. "Haya baba, acha niende. Nipigie Jumamosi uniambie jani linaendeleaje."

Alipiga Jumamosi hiyo. Jani lilikuwa limeanza kukunjuka. Alipiga na Jumamosi iliyofuata, wakaongea juu ya jani kwa dakika nne na juu ya mapacha kwa dakika kumi, na Springi akajikuta anatoa ushauri kuhusu godoro la watoto, kwamba wasinunue lile laini, wanunue gumu, na kama dukani hawana atatengeneza yeye. Akatengeneza kweli, mawili, akayatuma kwa basi. Kila asubuhi alichukua kile kikombe cha bluu, akaangalia mizizi, akamimina. Mkewe aliandika kwenye faili: "Muuguzi mpya ameajiriwa. Yuko chini ya uangalizi."

Mama mkwe alirudi baada ya miezi mitatu na nusu. Springi alikwenda kumpokea kituoni, kitu ambacho kabla ya hapo kilifanywa na mkewe. Waligawana kazi bila kikao: asubuhi yeye, jioni mama. Mwezi wa kumi na tatu kitu kipya kilichomoza kando ya jani, ncha yake imebanwa kama mdomo wa kasuku. Springi alisema ni mzizi. Mama mkwe alisema mizizi haina pua. Baada ya wiki mbili kilikuwa kimeinuka kuelekea mwanga, na Springi akakubali kwamba mama alisema kweli. Maua yalifunguka moja baada ya lingine. Yalikuwa matano, meupe, koo la zambarau. Springi alipiga picha mpya, lakini hakuituma. Mkataba wa binti ulikuwa unakaribia kwisha na alitaka aione mwenyewe.

Binti alifika siku ya Ijumaa mchana. Aliwaamkia wote, akamkumbatia bibi yake, akaweka sanduku chini. Kisha akaiona okidi dirishani. Springi alikuwa amesimama karibu nayo, si kwa kujionyesha, ila hakuwa na sababu nyingine ya kusimama pale.

Binti aliitazama muda mrefu.

"Ndiyo ileile?" aliuliza.

"Ileile. Majani tu ndiyo mapya. Na mizizi. Na maua."

"Ee," alisema binti. Akaenda kunawa uso.

Hakuiangalia tena siku ile, wala kesho yake. Springi alijaribu kumweleza habari za mkaa na makumbi wakati wa kula, akaona macho ya binti yanakwenda kwenye chumvi. Aliacha. Hakukasirika. Ila alipokwenda kulala alikaa kitandani na soksi moja mkononi kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Jumatatu binti alikuja karakana. Alikaa kwenye fremu ya kochi, akamtazama baba yake aking'oa misumari.

"Baba, kuna kitu sikukwambia."

Springi aliendelea kung'oa, polepole.

"Ile okidi nilipewa na mtu. Tulikuwa pamoja miaka mitatu. Siku aliyonipa ndiyo siku aliyoniambia anaoa mwingine. Alikuja nayo mkononi, kama mtu anayekuja kumwona mgonjwa."

Springi aliweka koleo chini.

"Nilitaka kuitupa. Nilifika nayo mpaka kwenye pipa mara mbili. Lakini ilikuwa hai, na ina maua, nikashindwa." Binti alivuta uzi kwenye gunia la fremu. "Basi nikasema nitamwachia baba. Nilikumbuka mnanaa. Nilikumbuka dungusi. Nikasema kwa baba haitamaliza mwezi, na haitakuwa mkono wangu."

Nje seremala aliwasha mashine, akapitisha ubao, akaizima.

"Kwa hiyo ulitaka niiue," Springi alisema.

"Nilitaka ife tu. Wewe ungekuwa pale."

Springi alifikiria miezi kumi na minane, makopo matano juu ya benchi, viatu vilivyolowa. Alifikiria pia kwamba kila Jumapili mtoto huyu alikuwa akiuliza kama ipo, na yeye akimjibu ipo, na kumtumia picha.

"Ungesema," alisema.

"Ningesemaje? Baba, nakuletea kitu, tafadhali kishindwe?"

Springi aliona kwamba kweli ingekuwa vigumu kusema. Akauliza kitu pekee kilichomjia. "Huyo mtu, alishaoa?"

"Alioa."

"Wewe je?"

"Mimi nipo tu. Mwaka wa kwanza ilikuwa mbaya. Sasa ni kawaida." Alitazama mikono yake. "Ijumaa nilipoiona nilidhani nitaumia. Nilichohisi ni kwamba nina njaa. Nikaenda kunawa uso kwa sababu niliona haya."

"Nikaitoe pale dirishani?"

Binti alifikiri. "Bibi atakuua."

Springi aliokota koleo, akang'oa misumari miwili, kisha akageuka. "Mama yako anajua haya?"

"Mama alijua kabla sijaondoka. Nilimwambia jikoni."

Jioni ile Springi hakusubiri chakula. Alimkuta mkewe mezani, miwani puani, faili la okidi limefunguliwa mbele yake.

"Ulijua," alisema.

Mkewe hakuuliza nini. "Nilijua."

"Tangu mwanzo. Ulijua imeletwa hapa ife."

"Nilijua imeletwa. Kufa ni shauri lake."

"Ukaniacha nihangaike mwaka mzima. Ukanifungulia na faili."

Mkewe alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga. Sebuleni mama yake alikuwa akisema na okidi, na sauti ya binti ikamjibu kwa niaba ya okidi, na wote wawili wakacheka kidogo.

"Mwanzoni nilitaka kukwambia," mkewe alisema. "Nilikuwa nasubiri ife, nikwambie usijilaumu. Haikufa. Halafu ukaanza kumpigia mama yangu simu kila Jumamosi. Miaka minne nimekaa katikati yenu nikiwatafsiria. Ningekukatiza vipi?"

Springi alivuta kiti, akakikalia, akasikiliza kwa mazoea kama kuna mguu unaocheza. Hakuna.

"Kuna chakula?" aliuliza.

"Kipo."

Binti alikaa wiki tatu, kisha akarudi alikotoka, maana waliuongeza mkataba wake kwa mwaka mwingine. Okidi hakuichukua na hakuna aliyemwambia aichukue. Maua yalidumu wiki tisa. Yalipoisha Springi alikata kikonyo juu ya pingili ya pili, kama mama mkwe alivyomwelekeza kutoka kwenye kiti chake, akakitupa.

Habari za karakana husambaa kwa kochi. Mwalimu mmoja wa kike aliyeleta viti vyake vinne vibadilishwe kitambaa alikuja pia na okidi yenye majani yaliyolegea, imezama kwenye majani yaleyale mabichi, yaliyosokotana kama sufi. Alisema ameambiwa fundi anaweza kuitazama. Springi aliiinua, akaipima kwa mkono, hakuigeuza wala kuivuta.

"Nyumbani unakaa na nani?" aliuliza.

Mwalimu alishangaa kidogo. Akasema anakaa peke yake, na wiki nyingine husahau hata kumwagilia.

Springi aliitikia kwa kichwa, akaenda kwenye rafu, akapitisha mkono juu ya kopo la mkaa bila kuligusa, akachukua la makumbi, lile la siku tatu.